Kuchelewa, kuzembea, kupuuza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu maneno ya wajibu usiotimizwa

Kwa miaka mingi nimekuwa nikihariri barua, taarifa na mihtasari ya vikao, na nimewahi kuwa katibu wa kikoba cha mtaani, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayonirudia kila wiki: kutoka kwa makarani, walimu wakuu, wenye nyumba, wapangaji, na watu wanaotaka kumdai ndugu bila kuvunja undugu. Nimeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

Nina jambo moja ninaloliamini sana katika haya yote. Kila neno la kuchelewa au kutotimiza wajibu limebeba hukumu ndani yake. Ukisema mtu amechelewa, hujamhukumu bado. Ukisema amezembea, umeshamaliza kesi.

## Misingi

1. Kuchelewa na kukawia ni kitu kimoja?

Yanakaribiana, lakini si pacha. Kuchelewa hupimwa kwa saa au tarehe iliyowekwa: kikao ni saa nne, wewe umefika saa nne na nusu, umechelewa. Kukawia hupimwa kwa subira ya anayesubiri. Mtoto ametumwa dukani kununua chumvi, hakupewa saa ya kurudi, lakini mama yake anatoka mlangoni kuchungulia: "Mbona amekawia?" Hapo hakuna tarehe ya mwisho iliyovunjwa, kuna moyo uliochoka kungoja.

Ndiyo maana kwenye mkataba tunaandika "akichelewa kulipa", hatuandiki "akikawia kulipa". Na ndiyo maana methali inasema "Kawia ufike". Haikusema "chelewa ufike".

2. Kwa nini kuchelewa lina umbo la kutendwa? Nani anamtenda aliyechelewa?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Jibu: alfajiri ndiyo inayomtenda.

Chukua kitenzi cha kucha, kile tunachokisikia katika "kumekucha" na "usiku kucha". Kutoka hapo tunapata kuchelewa, yaani kukutwa na mapambazuko. Fikiria mtu aliyepaswa kuondoka gizani, kwenda shamba au kuanza safari kabla jua halijawa kali. Amelala. Anafungua macho, mwanga umeshapenya kwenye nyufa za dirisha. Kumemkucha. Amechelewa.

Kwa hiyo tangu asili yake neno hili linamtazama aliyechelewa kama mtu aliyefikiwa na jambo. Ndiyo maana ni neno la upole, na linafaa kutangulia pale ambapo sababu haijajulikana. Maneno mengine ya udhuru yana umbo hilohilo la kutendwa: nimezidiwa, nimebanwa, nimepitiwa. Hilo la mwisho nimelieleza swali la 6.

3. Je, "kuchelea" ni ndugu ya "kuchelewa"?

Hapana, ingawa sauti zinadanganya. Kuchelea kunatokana na kucha kwa maana ya kuogopa, kama katika "kumcha Mungu". "Mchelea mwana kulia hulia yeye" ni juu ya mzazi anayeogopa kumkanya mtoto. Ukiandika "nachelea kusema kuwa malipo hayatafika", maana yake ni kwamba unahofia, wala hujasema chochote kuhusu muda. Nimeona barua za ofisini zikichanganya hayo mawili, na msomaji akabaki ameduwaa.

4. Niandike "mshahara umechelewa" au "mshahara umecheleweshwa"?

Inategemea kama uko tayari kuulizwa "na nani?"

"Umechelewa" inaacha mlango wazi. Huenda mtandao wa benki ulikwama, huenda ilikuwa sikukuu. "Umecheleweshwa" inasema yupo mtu aliyesababisha, hata kama hukumtaja. Msomaji mwenye akili atamtafuta mara moja. Kama una ushahidi, tumia "umecheleweshwa" na umtaje mhusika. Kama huna, andika "umechelewa" na uongeze tarehe: "Mshahara wa Machi ulipaswa kuingia tarehe 25; hadi leo tarehe 9 Aprili haujaingia." Tarehe mbili zikikaa pamoja zina nguvu kuliko kitenzi chochote cha lawama.

5. Kuahirisha, kughairi na kusogeza mbele: lipi ni lipi?

Kuahirisha ni kupeleka jambo siku nyingine. Wajibu ungali hai. Asili yake ni Kiarabu, na mzizi wake ndio uliotupa pia "akhera", kile kinachokuja baadaye. Kughairi ni kubadili nia, jambo limekufa. Kusogeza mbele ni sawa na kuahirisha katika mazungumzo, ila kwenye maandishi taja tarehe mpya, kwa sababu wapo wanaoelewa "mbele" kuwa ni mapema zaidi.

## Maneno yanayomlaumu mtu

6. Kuna tofauti gani kati ya kusahau, kupitiwa, kughafilika na kupuuza?

Panga hayo manne kama ngazi, kutoka asiye na hatia hadi mwenye hatia.

Kupitiwa liko chini kabisa. "Nilipitiwa" ni kauli ya mtu aliyeshikwa na usingizi au jambo likamtoka bila yeye kujua. Wapwani husema hata "shetani alinipitia". Ni udhuru unaokubalika kwa jambo dogo na kwa mara moja. Kusahau ni kawaida ya binadamu, lakini mtu anaweza kuulizwa kwa nini hakuandika mahali. Kughafilika ni kizito zaidi: ulipaswa kuwa macho, ukawa hupo kiakili. Mlinzi hughafilika, nahodha hughafilika. Neno hili ni la ukoo mmoja na "ghafla", na kweli mambo humjia ghafla aliyeghafilika.

Kupuuza ni kitu kingine kabisa. Anayepuuza anajua, amesikia, amesoma, kisha akaona halina uzito. Hapo hakuna kusahau. Kwa hiyo usimwandikie mtu "umepuuza barua yetu" mpaka uwe na uhakika barua ilimfikia. Mara ngapi barua imelala kwenye droo ya mapokezi, na huku mtu wa watu anaitwa mwenye dharau!

7. Uzembe na uvivu ni kitu kimoja?

Watu wengi huyatumia hivyo, na ni makosa yanayowaumiza watu.

Mvivu hataki kufanya. Mzembe anaweza kuwa anafanya kuanzia asubuhi hadi jioni, lakini hajali namna anavyofanya. Fundi umeme anayeacha nyaya wazi ukutani amefanya kazi, na ametoka jasho. Ni mzembe, si mvivu. Sheria nayo inaliona hivyo: "kuendesha kwa uzembe" si kuendesha kwa uvivu, ni kuendesha bila uangalifu ambao mtu mwenye akili timamu angekuwa nao. Tunaposema "kusababisha kifo kwa uzembe" tunazungumzia jambo lilelile.

Neno hili lina historia yake Tanzania. Tangu enzi ya Azimio la Arusha la 1967, ambalo liliwakemea waziwazi wanaume wa vijijini waliopoteza muda kwa porojo, ngoma na ulevi, uzembe ulisemwa jukwaani pamoja na unyonyaji, ukupe na uzururaji. Ukawa kosa dhidi ya taifa zima. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu wa mijini wasiokuwa na kazi inayotambulika wakajikuta wanakamatwa na kurudishwa vijijini. Ndiyo maana mzee wa rika fulani akiitwa mzembe hukasirika kuliko kijana. Kijana anasikia neno la mwalimu wa darasa, mzee anasikia mashtaka.

Kwa Kenya, tazama swali la 10.

8. Kutegea, kukwepa, kudoji, kuhepa: yote ni kukimbia kazi?

Yote ni kukimbia, kila moja kwa mlango wake.

Kutegea ni kuwapo na usiwepo. Watu sita wanabeba kabati kulipandisha ngazi. Mmoja ameweka mikono tu, uso umekunjamana kama wa anayebeba, lakini uzito uko kwa watano. Huyo anategea. Waliobeba naye ndio wa kwanza kumjua, msimamizi huchelewa kumwona. Kukwepa ni kupisha jambo lisikupate, na ndilo neno la kawaida katika "kukwepa kodi". Kudoji ni la mtaani, kuhepa limeenea zaidi Kenya, na kuingia mitini ni kutoweka kabisa.

Tahadhari moja kwa wanaoandika taarifa: kukwepa kodi na kuchelewa kulipa kodi ni makosa mawili tofauti. La kwanza lina nia ya kudanganya ndani yake. Usimpe mtu la kwanza kwa sababu ya la pili.

9. Mtu anatelekeza nini?

Anatelekeza kile kisichoweza kujitetea bila yeye: mtoto, mzazi mzee, mgonjwa, shamba, mradi. Huwezi kutelekeza deni, na huwezi kutelekeza kikao. Baba asiyetuma matumizi kwa miezi miwili kwa sababu hana kazi hajatelekeza familia, ameshindwa. Baba mwenye uwezo, aliyebadili namba ya simu na kuhama mji, ametelekeza.

Madawati ya ustawi wa jamii husikia neno hili kila siku, na watoa ushauri wazuri huuliza kwanza: anajua mtoto yuko wapi? Anajua anakula nini? Ana kitu mkononi? Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yanayokuambia kama neno linafaa.

10. Nimesoma gazeti la Kenya likisema polisi "wamelaza damu" na kuna "utepetevu". Ni nini hivyo?

Kulaza damu ni kukaa bila kuchukua hatua pale hatua inapohitajika. Wakazi wanaripoti wizi mara tatu, kituo hakitumi mtu: wamelaza damu. Utepetevu ni ulegevu na kutojali kazini, na kwa kiasi kikubwa ndio unaofanya kazi ambayo "uzembe" unaifanya Tanzania, pamoja na neno "mapuuza". Maneno haya si sheng, ni Kiswahili sanifu kilichozoeleka upande mmoja wa mpaka zaidi ya mwingine. Msomaji wa Dodoma ataelewa "utepetevu", ila atahisi mwandishi ametoka Nairobi.

## Ofisini na kwenye uongozi

11. Faili langu halijatoka tangu mwezi wa pili. Nisemeje bila kumtukana mtu?

Kiswahili kimejaa maneno ya hali hii, kwa sababu watu wameipitia sana. Kukalia faili ni pale ofisa mmoja anapolishikilia. Kuzungushwa ni kutumwa chumba hiki hadi kile. Kupigwa danadana ni kuzungushwa kwa makusudi, kama mpira unaochezewa mguuni usidondoke na wala usipigwe golini. Kupigwa kalenda ni kupewa tarehe baada ya tarehe, kama kesi inayotajwa na kuahirishwa.

Katika barua yako usitumie lolote kati ya hayo. Andika: "Niliwasilisha maombi tarehe 14 Februari. Nilifuatilia tarehe 3 na 21 Machi nikaelezwa kuwa yanashughulikiwa. Naomba kujua yamefikia hatua gani na ni lini nitegemee majibu." Maneno yale mengine waachie majirani zako, yana nafasi yake barazani.

12. Kwa nini watu wanasema "waziri awajibike" wakimaanisha ajiuzulu? Si kuwajibika ni kufanya kazi yako?

Kwa asili, ndiyo. Wajibu ni jambo linalokulazimu, na kuwajibika ni kuubeba. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri kuwaandaa watoto anawajibika, ingawa hakuna anayelitaja jina lake redioni.

Maana ya kujiuzulu iliingia kupitia siasa. Mfano unaotajwa zaidi Tanzania ni wa Ali Hassan Mwinyi. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu baada ya raia kufa mikononi mwa vyombo vya dola Shinyanga na Mwanza. Hakuna aliyedai kuwa yeye alimgusa mtu. Alisimama kwa sababu wizara ilikuwa yake. Miaka minane baadaye alikuwa Rais. Tangu hapo "kuwajibika" kwa kiongozi kumebeba picha ile: kuachia kiti kwa kosa lililotendeka chini yako.

Tofautisha na kuwajibishwa, ambako mwingine ndiye anayekutoa. Mwishoni mwa 2015, awamu ya tano ya Rais Magufuli ilipoanza, watu wakasema "kutumbuliwa", kutokana na msemo wa kutumbua majipu. Mtu aliyetumbuliwa hakuwajibika, amewajibishwa. Naomba waandishi wa habari waishike tofauti hiyo, maana heshima iliyomo katika neno la kwanza haipatikani kwa kusukumwa.

13. Kuchelewa kazini kunageuka utoro lini?

Kuchelewa ni kufika baada ya muda, utoro ni kutofika bila ruhusa wala sababu inayokubalika. Kwa sheria za kazi za Tanzania, kutokuwapo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa ni kosa linaloweza kumfukuzisha mtu. Kuchelewa dakika kumi kila siku kwa mwezi mzima hakujumlishwi kuwa utoro. Ni kosa lake lenyewe, na lina utaratibu wake wa maonyo.

Mwanafunzi naye ni hivyohivyo. Mtoto anayevuka kivuko na kufika shuleni saa mbili si mtoro.

14. Naandika barua ya onyo. Nitumie neno gani?

Tumia umbo la "kuto-": kutohudhuria, kutowasilisha, kutotekeleza. Linasema kilichokosekana bila kusema tabia ya mtu. "Kutowasilisha taarifa ya mwezi Mei" ni ukweli ambao hata anayeonywa ataukubali. "Uzembe wako wa mwezi Mei" ni maoni, naye atayapinga, na mtaanza kubishana juu ya neno badala ya taarifa.

Kama baadaye itathibitika kuwa alijua na hakujali, barua ya pili itaweza kusema "kupuuza maelekezo". Kama aliamriwa na akakataa waziwazi, basi "kukaidi". Panda ngazi hiyo polepole, kwa mpangilio wa swali la 6.

## Fedha

15. Malimbikizo ni nini, na mbona Kenya wanasema malimbikizi?

Ni deni lililojikusanya kwa kutolipwa kidogokidogo: malimbikizo ya mishahara, ya kodi ya pango, ya ada. Kenya husema zaidi malimbikizi. Yote yanatoka katika kulimbika, yaani kuacha kitu kijikusanye kwanza. Mtu alilimbika maji kisimani, akangoja yajae kabla ya kuchota. Sasa tunalimbika madeni, na yenyewe hayahitaji mvua ili yajae.

Usiseme "malimbikizo" kwa mwezi mmoja uliochelewa. Huo ni mwezi mmoja uliochelewa.

16. Nani anastahili kuitwa mdaiwa sugu?

Sugu ni ile ngozi ngumu inayoota kiganjani kwa jembe, au kwenye nyayo za anayetembea peku. Imesuguliwa mpaka haihisi. Mdaiwa sugu basi ni yule ambaye kukumbushwa hakumgusi tena: ametumiwa ujumbe, amepigiwa, ametembelewa, ana uwezo, na bado.

Taasisi hutumia neno hili kwa wingi, hasa kwa mikopo ya elimu ya juu na nyumba za kupanga, na wakati mwingine humpa mtu aliyepitisha tarehe mara moja tu. Hapo linakuwa tusi lililovaa tai. Kabla hujalibandika kwenye ubao wa matangazo, jiulize kama mtu huyo amekumbushwa, na kama anacho. Asiyekuwa nacho hana sugu, ana shida.

17. Mkopo chechefu na mkopo kausha damu ni mamoja?

Hapana. Chechefu ni neno la benki: mkopo ambao malipo yake yamechelewa siku 90 au zaidi. Benki Kuu ya Tanzania hutaka mikopo ya namna hiyo isizidi 5% ya mikopo yote ya benki. Kausha damu ni neno la wakopaji wenyewe, na linataja riba kubwa na marejesho ya kila siku au kila wiki ya wakopeshaji wa mitaani. La kwanza ni kilio cha aliyekopesha, la pili ni kilio cha aliyekopa.

Njia ya simu imezaa maneno yake. Mkenya akisema "nimefuliza" hasemi kuwa amefanya jambo mfululizo, kama kamusi inavyotaka. Amechukua pesa za ziada kwenye M-Pesa kupitia Fuliza, iliyoanza mwaka 2019.

18. Faini, riba, tozo, adhabu: nikichelewa nalipa kipi?

Riba hukua kadiri siku zinavyopita. Faini ni kiasi kilichotajwa kwa kosa. Tozo ni malipo ya huduma, wala si ya kosa. Adhabu ni neno la jumla. Mfano wa faini: Kenya, mtu binafsi asiyewasilisha ritani ya kodi ya mapato kufikia tarehe 30 Juni hutozwa Sh2,000 au 5% ya kodi anayodaiwa, kipi kikubwa. Ona kuwa anaadhibiwa kwa kutowasilisha. Hata asiyekuwa na kodi ya kulipa anapaswa kuwasilisha.

19. Ninamdai mtu mzima anayenizidi umri. Nimkumbusheje?

Kwa salamu kamili, kisha jambo, kisha mlango wa kutokea. Hivi:

"Shikamoo mzee. Habari za nyumbani? Samahani kwa kukusumbua. Nilikuwa nakukumbusha kile kiasi chetu tulichozungumza kuwa mwisho wa mwezi. Kama mambo hayajakaa sawa niambie tu, tupange upya."

"Kile kiasi chetu" ni bora kuliko "deni lako". "Mambo hayajakaa sawa" linampa namna ya kusema hana bila kutamka kuwa hana. Epuka "umenisahau?", kwa sababu sote tunajua hakusahau. Na usimtumie ujumbe huo kwenye kundi la familia. Akijibu kwa "mtondogoo", hesabu vizuri: leo, kesho, keshokutwa, mtondo, mtondogoo. Ni siku ya nne kutoka leo, na ana haki ya kufikia siku hiyo kabla hujampigia.

Na kama wewe ndiye unayedaiwa, wahi kusema. Ujumbe wa "Shikamoo mama, kodi ya mwezi huu nitaleta nusu tarehe 5 na nusu tarehe 12" ukimfikia mwenye nyumba tarehe 1 ni mpango. Ukimfikia tarehe 10 ni udhuru.

20. Mwenzetu alipokea zamu yake kwenye mchezo halafu akaacha kuchanga. Amechelewa au ametudhulumu?

Iwe mnauita mchezo, upatu, chama au, kama wenzetu wa Congo, likelemba, kanuni ni moja: aliyekwisha kupokea anachanga kwa fedha za wenzake. Kuchelewa kwake si sawa na kuchelewa kwa ambaye zamu yake haijafika. Huyu wa pili anachelewesha yake mwenyewe pia.

Bado, "kudhulumu" ni neno la mwisho. Mpeni siku, mtumieni watu wawili anaowaheshimu, mwandikeni "hajachanga" katika daftari. Akiwa amezima simu na kuhama, hapo neno limejileta lenyewe.

## Pembezoni

21. Sala au saumu iliyopita wakati inaitwaje?

Kadha. Swala iliyopitwa na wakati wake huswaliwa kadha, na aliyekula Ramadhani kwa ugonjwa, safari au hedhi hulipa siku hizo baadaye. Angalia kitenzi: tunasema kulipa, kama deni. Ila aliyekuwa na udhuru wa kisheria hakuzembea, na mwanamke anayelipa siku zake mwezi wa Rajabu hapaswi kuulizwa kwa sauti ya lawama kwa nini amefunga.

22. Deni la marehemu lina jina?

Linaitwa deni tu, na hakuna anayesema marehemu "amechelewa kulipa". Kwenye mazishi ya pwani, kabla watu hawajatawanyika, msemaji wa familia husimama: mwenye kumdai marehemu amwone mwanawe fulani, na mwenye kudaiwa naye pia ajitokeze. Hapo wajibu umehamia kwa warithi na mali aliyoiacha. Mrithi akinyamaza, yeye ndiye wa kuandikiwa barua, na majibu ya 14 na 19 yanamhusu.

23. Niliambiwa kikao ni saa 8, nikafika saa nane mchana, nikakuta kimekwisha. Nimechelewa?

Umepotoshwa. Aliyeandika "saa 8" alikuwa akimaanisha saa mbili asubuhi, akasoma mshale wa saa ya ukutani badala ya kuhesabu kwa Kiswahili. Wanaoandika mialiko waandike "saa mbili asubuhi" kwa maneno, yote mawili, saa na kipindi cha siku. Kwenye muhtasari andika "hakupata taarifa sahihi ya muda".

24. Neno baya limeshaandikwa kwenye daftari. Linaweza kufutwa?

Halifutwi, linasahihishwa. Nililijua hili kwa gharama.

Kikoba chetu kilikutana kila Jumamosi saa kumi, chini ya mwembe nyuma ya nyumba ya mwenyekiti. Mama mmoja hakuleta hisa kwa wiki tatu, na mimi, katibu, nikaandika mbele ya jina lake kwa wino wa buluu: "Amezembea." Nilikuwa na haraka, giza lilikuwa linaingia. Wiki ya nne akaja amebeba mtoto mwenye bandeji ya sindano mkononi. Alikuwa wodini muda wote huo. Fedha alimpa ndugu yake atuletee, na hazikufika. Tukampa pole, akalipa kidogokidogo, mambo yakaendelea. Neno lilibaki.

Mwisho wa mwaka, siku ya kugawana, mwanachama mwingine alifunua kurasa za nyuma na kulisoma kwa sauti mbele ya watu wote, akitaka yule mama asipewe mkopo wa mzunguko mpya. Yule mama hakujibu. Alinitazama mimi.

Utaratibu ni huu: piga mstari mmoja juu ya neno ili bado lisomeke, andika lililo sahihi pembeni, weka tarehe, na saini za watu watatu, mmoja wao akiwa yule aliyeandikwa vibaya. Isomwe kikaoni kwa sauti ileile iliyotumika kusoma la kwanza. Tuliandika "Hakuwasilisha, alikuwa hospitalini na mtoto, fedha zilitumwa, hazikufika." Aliomba kuliona daftari kabla ya kutia saini. Alisoma mstari wote, kidole kikifuata herufi, kisha akaniomba kalamu.

Daftari la mwaka uliofuata nililichora upya. Baada ya safu ya jina na ya kiasi kuna safu pana ya sababu, na huachwa wazi mpaka mwenyewe aje.